Dira ya William Ruto: uchumi wa kuanzia chini, teknolojia na siasa za nje. Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila mazungumzo yanapogusa sera za Rais William Ruto wa Kenya: kwenye matatu, katika vikundi vya WhatsApp, hata kwa majirani wa Tanzania na Uganda wanaotazama kutoka upande wa pili wa mpaka. Kila jibu linajitegemea. Pale jambo lilipokwisha kuelezwa, utaelekezwa kwenye swali husika.

## Msingi wa dira

1. Uchumi wa "kuanzia chini kwenda juu" ni nini hasa?

Ni wazo kwamba serikali ianze kuweka pesa na nafasi kwa wenye kipato kidogo: mama mboga, mwendesha boda boda, fundi wa jua kali, mkulima wa ekari mbili. Kundi hilo likipata mtaji nafuu, pembejeo nafuu na soko, litanunua zaidi na kuajiri zaidi, na uchumi wote utapanda. Ruto alikuwa akipinga mtindo wa kuwekeza juu, kwenye miradi mikubwa na kampuni kubwa, kisha kungoja faida idondoke hadi mashinani.

Alama ya chama chake, UDA, ni wilbaro, na wafuasi wake wakajiita mahasla, yaani watu wa kuhangaika kutafuta riziki. Katika uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022 alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85 za Raila Odinga. Mahakama ya Juu ikaidhinisha ushindi huo, naye akaapishwa Kasarani tarehe 13 Septemba 2022.

Wazo lenyewe ni zuri, na hakuna haja ya kulikebehi. Nchi ambayo wafanyakazi wake wengi wako katika sekta isiyo rasmi haiwezi kupanga uchumi kana kwamba kila mtu ana hati ya mshahara. Ukurasa huu unalipima kwa kipimo chake lenyewe: je, yule wa chini kabisa amefikiwa, na mambo yakienda kombo ana mtu wa kumwendea?

2. Nguzo zake ni zipi?

Ni tano: kilimo, biashara ndogo na za kati, makao na nyumba, afya, na barabara kuu ya kidijitali pamoja na uchumi wa ubunifu. Siasa za nje hazimo katika orodha hiyo, lakini kwa vitendo zimekuwa nguzo ya sita, kwa sababu masoko, mikopo na kazi za ng'ambo hutafutwa huko.

3. Kuna tofauti gani na Ruwaza ya 2030 au Ajenda Nne Kuu za Uhuru?

Ruwaza ya 2030 ilizinduliwa mwaka 2008 wakati wa Mwai Kibaki na bado ndiyo ramani rasmi ya muda mrefu. Ajenda Nne Kuu za Uhuru Kenyatta zilikuwa nyumba, afya, chakula na viwanda, kwa hiyo tatu kati ya nne zimo pia katika mpango wa Ruto. Alichobadilisha ni njia ya kuzigharamia, yaani makato ya lazima kwenye mishahara (tazama swali la 8 na la 9), na lugha ya kisiasa iliyomweka mchuuzi mbele ya mwekezaji.

## Pesa, shamba na mishahara

4. Hazina ya Hasla inafanyaje kazi?

Ilizinduliwa tarehe 30 Novemba 2022. Unabonyeza *254# kwenye simu yoyote, hata ile ya vitufe, unajisajili, kisha unapewa kiwango chako cha kukopa kati ya shilingi 500 na 50,000. Riba ni asilimia 8 kwa mwaka na muda wa kulipa ni siku 14. Asilimia 5 ya mkopo haikufikii mkononi, huwekwa akiba kwa jina lako.

Chukua mkopo wa 500. Zinazoingia kwenye simu ni 475, nazo 25 zinabaki kwenye akiba. Baada ya wiki mbili unarudisha 500 na riba ya shilingi moja na nusu hivi. Anayekumbuka programu za mikopo ya simu zilizokuwa zikitoza riba kubwa kwa mwezi mmoja tu anajua kwamba haya ni mabadiliko ya kweli. Watu waliokuwa wameorodheshwa na CRB, mashirika yanayohifadhi rekodi za wakopaji, ambao mlango wa benki ulikuwa umefungwa kwao, nao waliruhusiwa kukopa.

Mwaka 2023 ikaongezwa mikopo ya vikundi, ambapo chama kilichosajiliwa kinaweza kukopa zaidi kuliko mtu mmoja.

5. Nikikosa kulipa itakuwaje?

Riba hupanda hadi asilimia 9.5 na sifa yako ya kukopa inashuka, hivyo huwezi kukopa tena mpaka umalize deni. Hakuna anayekuja kuchukua kochi lako. Wengi walikopa mara ya kwanza wakaacha, na mabilioni ya shilingi hayajarudishwa. Wapo waliodhani ni zawadi ya kampeni, na hilo ni funzo kwa mwanasiasa yeyote: ukizindua mkopo kwa shangwe za mkutano wa hadhara, watu watauchukua kama takrima.

6. Mkopo huu unaweza kuanzisha biashara?

Wa 500 au 1,000, hapana. Unaweza kununua kreti ya nyanya asubuhi na kurudisha deni baada ya siku chache. Ni pesa ya kuzungusha, si mtaji wa kununua cherehani. Siku 14 ni fupi mno kwa mfugaji wa kuku, achilia mbali mkulima. Kwa maoni yangu huu ndio udhaifu mkubwa wa mpango: ulifika kwa watu wengi haraka sana, lakini ukamfikia kila mmoja na kidogo. Mikopo ya vikundi inakaribia zaidi ahadi ya awali, na ndiko nguvu ingefaa kuelekezwa.

7. Mbolea ya bei nafuu imesaidia?

Imesaidia, na hapa ndipo dira ilipogusa ardhi kwa uwazi zaidi. Mwaka 2022 mfuko wa kilo 50 ulikuwa umevuka shilingi 6,000 madukani. Serikali iliushusha hadi 3,500 Septemba mwaka huo, kisha 2,500 mwaka 2023. Mkulima anasajiliwa, anapokea ujumbe wenye nambari ya vocha, anakwenda ghala la Bodi ya Nafaka na Mazao (NCPB) na kitambulisho chake, analipa na kubeba.

Matatizo yalikuwa mawili. La kwanza ni umbali: ghala likiwa mbali, nauli ya mfuko inakula sehemu ya nafuu, na mwenye ekari moja haajiri lori. La pili ni baya zaidi. Mwaka 2024 iligundulika kwamba mbolea ghushi ilikuwa imeuzwa kupitia mpango huo huo wa serikali. Bunge la Kitaifa lilipiga kura ya kumng'oa waziri wa kilimo wa wakati huo, lakini kamati teule ikasema madai dhidi yake hayakuthibitishwa. Kwa mkulima aliyekwisha kupanda, uamuzi wa kamati haukurudisha msimu. Mahindi hupandwa mvua inapoanza, na fidia ya baadaye hailipi shamba lililodumaa.

8. Kwa nini nakatwa tozo ya nyumba wakati sijaomba nyumba?

Kwa sababu sheria inaitaja kama mchango wa kitaifa, si akiba yako binafsi. Mfanyakazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara ghafi na mwajiri huongeza asilimia 1.5. Anayelipwa 50,000 anakatwa 750 kila mwezi, na mwajiri anatoa 750 nyingine. Kukatwa hakukuhakikishii ufunguo. Lazima uombe kivyako, uweke amana, ungoje zamu.

Njia ya tozo hii mahakamani ilikuwa ndefu. Iliingizwa na Sheria ya Fedha ya 2023. Novemba 2023 Mahakama Kuu ikaitangaza kuwa kinyume cha Katiba, sababu mojawapo ikiwa kwamba iliwabagua wenye ajira rasmi. Bunge likatunga sheria mpya ya Nyumba za Bei Nafuu, iliyotiwa sahihi tarehe 19 Machi 2024, nayo ikawajumuisha pia wasio na ajira rasmi (tazama swali la 20).

Hoja ya serikali ni kwamba ujenzi unaajiri: mafundi, wauzaji mchanga, wachomeleaji wa jua kali wanaotengeneza milango na madirisha. Hoja hiyo ina uzito, ukipita kwenye maeneo ya ujenzi utawaona vijana kazini. Lakini lengo la nyumba 200,000 kwa mwaka limebaki mbali, na mwalimu wa Lodwar anayekatwa kila mwezi ana haki ya kuuliza ni lini jina lake litafikiwa.

9. SHA ni tofauti gani na NHIF?

Tarehe 1 Oktoba 2024 NHIF, bima ya afya ya taifa ya zamani, iliondoka na SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, ikachukua nafasi. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 bila kikomo cha juu. Chini ya NHIF, mtu wa shilingi 100,000 alilipa 1,700. Sasa analipa 2,750. Asiye na mshahara anakadiriwa kipato kwa maswali kuhusu nyumba yake, maji, mifugo na kadhalika, na kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi, wakati zamani kilikuwa 500.

Kwenye karatasi huu ni usawa: mwenye nacho amchangie asiye nacho. Tatizo ni kwamba asiye na mshahara anatakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo, kuanzia 3,600. Mchuuzi anayepata pesa yake siku kwa siku hazioni 3,600 zikiwa pamoja. Mpango wa Lipa SHA Pole Pole ulikuja mwaka 2025 kupunguza mzigo huo. Ungalipaswa kuwepo tangu siku ya kwanza.

Jambo jema ambalo halisemwi vya kutosha ni wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, waliokabidhiwa mikoba ya vifaa na kutumwa nyumba kwa nyumba tangu Septemba 2023. Wao ndio "chini" halisi ya mfumo wa afya.

10. Kama mpango ni wa wanyonge, kwa nini kodi zilipanda?

Deni. Ruto alikuta mzigo mkubwa wa mikopo, ukiwemo ule wa hati ya dhamana (Eurobond) ya dola bilioni 2 uliokuwa ulipwe Juni 2024. Serikali ikaondoa ruzuku ya petroli, kisha Sheria ya Fedha ya 2023 ikapandisha VAT ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16. Mafuta yakipanda, nauli inapanda, na sukuma wiki nayo inapanda.

Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka kukusanya takriban shilingi bilioni 346 zaidi. Vijana wa Gen Z wakaujadili kifungu kwa kifungu mtandaoni, wakautafsiri, wakaingia barabarani bila kiongozi wala chama. Tarehe 25 Juni 2024 waandamanaji walivamia Bunge na polisi wakafyatua risasi. Siku iliyofuata Rais alikataa kuutia sahihi mswada huo, na Julai akavunja baraza la mawaziri. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu makumi ya waliouawa. Walikuwa watoto wa mahasla wale wale waliotajwa majukwaani, na hakuna hesabu ya mfumuko wa bei inayoweza kuwekwa kando ya majina yao.

Hesabu yenyewe, kwa haki, iliboreka: mfumuko wa bei ulishuka kutoka karibu asilimia 9.6 Oktoba 2022 hadi chini ya 3 miaka miwili baadaye, na shilingi iliyokuwa imefika 160 kwa dola ikarudi karibu na 129.

## Teknolojia

11. Barabara kuu ya kidijitali inamaanisha nini?

Ahadi zilikuwa kilomita 100,000 za nyaya za mkongo, vituo 25,000 vya intaneti ya bure sokoni na stendi za magari, na kituo cha kidijitali katika kila wadi kati ya wadi 1,450. Katika masoko yaliyounganishwa, wauzaji hupokea maagizo kwa WhatsApp bila kununua bando. Penye nyaya lakini bila umeme wa uhakika, mafanikio yamekuwa haba.

12. Je, ni lazima nitumie e-Citizen?

Kwa huduma nyingi za serikali kuu, ndiyo. Jukwaa lilikuwepo tangu 2014, lakini Juni 2023 huduma zaidi ya 5,000 zilihamishiwa humo, baadaye zikazidi 20,000, na malipo yote yakaelekezwa kwenye nambari moja, 222222. Faida ni ya wazi: pasipoti, cheti cha ndoa, leseni, bila dalali wa langoni.

Lakini kuweka kila kitu kapu moja kuna hatari yake. Julai 2023 wadukuzi waliolenga e-Citizen waliikwamisha kwa siku kadhaa, na wasafiri wakakwama. Agizo la wazazi kulipa karo kupitia jukwaa hilo lilipingwa mahakamani, na mwaka 2025 Mahakama Kuu ikalitupilia mbali.

13. Nani anabaki nje ya mifumo hii?

Mzee asiye na simu. Msichana ambaye alama zake za vidole zimefutika kwa kuchuma majani chai. Mwanamke ambaye laini yake ya simu imesajiliwa kwa jina la mumewe: kwa Hazina ya Hasla yeye hayupo, kwa sababu laini lazima iwe yako na iwe imetumika zaidi ya siku 90. Na yeyote asiye na kitambulisho.

Hapa ndipo nina hoja moja ninayoishikilia. Mifumo ya kukata inafanya kazi kwa usahihi mkubwa. Sheria ikiwepo, tozo haisahauliki kukatwa. Mifumo ya kutoa hukwama: vocha haiji, SHA inasema "haupo", ombi linaonyesha "linashughulikiwa" kwa miezi. Kinachokosekana ni dawati lenye mtu mwenye mamlaka ya kurekebisha kosa, kila wadi. Vituo vya Huduma (Huduma Centre) vya serikali vilianza kazi hiyo vizuri, navyo ni vichache.

14. Kadi ya Maisha si ile Huduma Namba iliyorudi?

Ni ndugu yake: yote miwili ni mipango ya kitambulisho cha kidijitali. Huduma Namba ilikwama mwaka 2021 mahakama iliposema tathmini ya athari kwa data za watu haikufanywa kwanza. Nambari ya Maisha hutolewa tangu mtoto anapozaliwa na kumfuata maisha yake yote. Nayo ilisimamishwa na mahakama kwa muda.

Kwa jamii za mpakani na pwani swali kubwa ni kupata kitambulisho chenyewe. Mwaka 2023 Wapemba walioishi Kwale na Kilifi kwa vizazi walitambuliwa kuwa raia wa Kenya, na wavuvi waliokuwa wakikwepa askari baharini wakapata karatasi. Februari 2025 Ruto aliondoa msasa wa ziada waliokuwa wakipigwa Wasomali wa Kaskazini Mashariki wanapoomba vitambulisho. Haya mawili, kwangu, ni miongoni mwa hatua zake za ujumuishaji zilizo thabiti zaidi, ingawa hayana jiwe la msingi la kuzindua.

15. Kazi za mtandaoni ni kazi kweli?

Ni kazi, na vijana wengi wanaishi kwazo: unukuzi, huduma kwa wateja, kufundisha akili mnemba. Lakini ulinzi wao ni dhaifu. Wasimamizi wa maudhui waliishtaki Meta jijini Nairobi, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikaamua kwamba kampuni hiyo inaweza kushtakiwa Kenya. Ni mahakama iliyowalinda, si sera.

## Siasa za nje

16. Kenya imeegemea Magharibi au Mashariki?

Kote, kwa makusudi. Mei 2024 Ruto alipokelewa Washington kwa ziara ya kitaifa, ya kwanza kwa rais wa Afrika tangu 2008, na Juni Kenya ikatajwa mshirika mkuu wa Marekani asiye mwanachama wa NATO. Aprili 2025 alikuwa Beijing. Mkataba wa kiuchumi na Umoja wa Ulaya ulianza kutumika tarehe 1 Julai 2024, na ule wa Umoja wa Falme za Kiarabu ulitiwa sahihi Abu Dhabi Januari 2025.

Kwa mkulima wa maua, chai, kahawa au parachichi, mkataba wa Ulaya unamaanisha soko lisilo na ushuru wala kikomo. Kenya nayo itafungua soko lake polepole kwa miaka mingi. Wanachama wengine wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hawakutia sahihi, na jambo hilo linaacha ufa katika soko letu la pamoja.

17. Kwa nini polisi wetu walikwenda Haiti?

Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliidhinisha kikosi cha kwenda Haiti tarehe 2 Oktoba 2023 na Kenya ikaahidi polisi 1,000. Mahakama Kuu ilizuia Januari 2024 kwa kukosekana makubaliano na Haiti. Yakatiwa sahihi Machi. Polisi 400 wa kwanza walitua Port-au-Prince tarehe 25 Juni 2024, siku ile ile Bunge lilipovamiwa Nairobi. Pesa na vifaa vilivyoahidiwa na wengine vilichelewa, polisi wa Kenya waliuawa huko, na Septemba 2025 Umoja wa Mataifa ukaamua kukibadilisha kikosi hicho kuwa kikubwa zaidi cha kupambana na magenge.

18. Je, Mwafrika yeyote anaweza kuingia Kenya bila viza?

Viza ziliondolewa Januari 2024, lakini kukawa na idhini ya kusafiri ya mtandaoni ya dola 30, na kwa Waafrika ambao hawakuwa wakilipa chochote zamani huo ulikuwa mzigo mpya. Mwaka 2025 raia wa karibu nchi zote za Afrika waliondolewa sharti hilo, isipokuwa Somalia na Libya.

19. Mpango wa kazi za ng'ambo una usalama?

Inategemea unakwenda wapi na kwa mkataba gani. Makubaliano na Ujerumani ya Septemba 2024 yanahitaji ujuzi na lugha. Kwa wafanyakazi wa nyumbani Saudi Arabia na kwingineko Ghuba, malalamiko ya kunyang'anywa pasipoti na kutolipwa yamekuwepo kwa miaka. Serikali inayopeleka watu wake nje kutafuta riziki inawiwa kuwa na maafisa wa kazi wa kutosha katika balozi zake.

## Hali zisizo za kawaida

20. Mimi ni mama mboga, sina mshahara. Nami nalipa tozo ya nyumba?

Kisheria, ndiyo: asilimia 1.5 ya kipato ghafi. Kwa vitendo makato yanakusanywa hasa kwa wenye mishahara, kwa sababu hakuna hati ya kukata sokoni. Akija mtu kibandani kudai tozo hiyo taslimu, usimpe. Malipo halali hupitia mifumo ya serikali.

21. Nimesajiliwa SHA lakini hospitali inasema sina bima. Nifanyeje?

Kusajiliwa na kuchangia ni mambo mawili. Ukijisajili bila kulipa, unahudumiwa katika vituo vya ngazi ya chini vya serikali, kwa maana huduma ya msingi inagharamiwa na hazina tofauti. Kulazwa hospitali kubwa kunahitaji mchango uliolipwa. Hifadhi ujumbe wa malipo kwenye simu. Mara nyingi ndio ushahidi pekee mfumo unapokwama.

22. Ruto akiondoka baada ya uchaguzi wa 2027, mambo haya yanaisha?

Inategemea kila kimoja kimesimama juu ya nini. Tozo ya nyumba na SHA ni sheria za Bunge. Rais mpya atahitaji Bunge kuzifuta. Hazina ya Hasla iliundwa kwa kanuni chini ya sheria ya usimamizi wa fedha za umma, kwa hiyo ni rahisi zaidi kuivunja, ingawa madeni na akiba za watu hazifutiki kwa tangazo. Mikataba na Ulaya na Ghuba inaifunga nchi, si mtu. Ruzuku ya mbolea haina ngao hata moja: inategemea bajeti ya kila mwaka, na mkulima atajua hatima yake pale tu vocha itakapofika, au itakapokosa kufika, kabla ya mvua za Machi.